Chuma Kilicholala Bombani

Ko! Ko! Ko-ko-ko!

Sauti ilitoka ndani ya chuma. Ikanyamaza. Ikarudi tena polepole, kama mgeni aliyechoka kubisha hodi lakini hana kwingine pa kwenda.

Wiki iliyopita tulimwacha Mkaguzi ameshika gurudumu la mlango wa bomba, jasho likimchuruzika mgongoni, na watu wote nyuma yake wamebana pumzi. Wiki nzima dada wa watu amesimama hivyo hivyo. Basi na afungue, mikono inamuuma.

"Kuna mtu humo," fundi mmoja alinong'ona.

"Mtu!" Nyapara alimgeukia. "Bomba linaanzia kituo cha pampu, nyuma ya milima ile. Mtu atambae kote huko kwa tumbo, aje akubishie hodi wewe? Una nini cha kumpa?"

Mafundi walicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha watu ambao miezi mingi sasa wanalala na viatu miguuni.

Kilichokuwa kinakuja hakikuwa mtu. Kilikuwa kile ambacho mafundi wanakiita panya: gogo la mpira na sponji, nene sawasawa na tumbo la bomba, linalosukumwa kwa hewa tangu mwanzo wa bomba hadi mwisho. Njiani hukokota mchanga, maji na kila takataka iliyoachwa na wajenzi. Kifuani mwake limefungwa bamba jembamba la alumini, la mviringo. Bamba likifika zima, njia ni nyeupe. Likifika na jeraha, humo ndani kuna adui.

Na mwisho wa bomba ni hapa ghalani, chini ya matangi makubwa ambayo hayajaonja tone la mafuta.

"Tayari?" Meneja aliuliza.

Hilo ndilo neno lake. Asubuhi tayari, mchana tayari, hata watu wakila anapita na kuuliza, tayari? Mafundi walishasahau jina lake, wakamwita Bwana Tayari. Kesho yake alikuwa na wageni wakubwa wa kuja kukata utepe. Viti vilikuwa vimeshapangwa.

"Bado," Mkaguzi alisema. "Natoa hewa kwanza."

Alifungua koki. Fyuuuu! Vumbi likatimka, mshale wa geji ukashuka, ukashuka, ukalala kwenye sifuri. Mle ndani ikasikika ko moja ya mwisho, kisha kimya.

"Sogeeni pembeni. Asisimame mtu mbele ya mlango."

Akazungusha gurudumu. Mlango ukalia, ukafunguka.

Ilitangulia harufu ya kutu na maji yaliyolala. Yakafuata matope. Baada ya matope ukaja mchanga, ndoo kwa ndoo, na ndani ya mchanga vipande vya vijiti vya kuchomelea, kabari ya mbao, kifuniko cha sufuria, na glovu moja ya mkono wa kushoto.

"Mlikuwa mnajenga bomba au mnahama nyumba?" Mkaguzi aliuliza.

Fundi mmoja aliingiza kulabu ndefu, akavuta, na panya akatoka taratibu, ametapakaa matope, na kichwani amejifunika nguo.

"Jamani! Panya kavaa koti!"

Safari hii watu walicheka kweli. Hata Nyapara alitoa filimbi mdomoni ili acheke vizuri.

Mkaguzi naye alikuwa anacheka. Akalikamata lile koti la kazi, akalikung'uta, akageuza ukosi. Hakucheka tena.

Ndani ya ukosi palikuwa na kiraka cha kitambaa chenye maua ya manjano. Aliyajua maua yale. Lilikuwa pazia la jikoni kwa mama yake, kabla ya mama kulikata na kumshonea kitindamimba wake koti lililochanika. Na jiko lenyewe halikuwa mbali. Ukipanda juu ya tangi lolote hapo ghalani, unaona moshi wake nyuma ya ukuta.

Akalitazama bamba la alumini. Lilikuwa na pengo kubwa upande mmoja, kama mkate ulioumwa.

"Koti la nani hilo?" Meneja aliuliza.

Mkaguzi alilikunja koti, ukosi ukaingia ndani. Usimhukumu upesi, msomaji. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa amekalishwa mezani kabla hajanawa.

"Nimeuliza, koti la nani?"

"La kwangu."

Sauti ilitoka nyuma ya kompresa, mashine ya hewa. Alisimama kijana mrefu, mwembamba, mikono yake imepita mikono ya shati. Mafundi humwita Mlingoti. Kwa Mkaguzi ni mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja.

"Wewe Mlingoti!" Nyapara alisema haraka. "Kaa kimya."

"Nimekaa kimya vya kutosha, mzee. Nimechoka." Akamtazama dada yake. "Dada, koti halikuwa peke yake. Nilikuwa nimekifunika nalo kibano."

"Kibano gani?"

"Kile kikubwa. Cha kushikia mabomba mawili yasicheze wakati yanachomelewa. Kile tunachobeba wawili."

Kibano hakikuwa kwenye matope. Hakikuwa kwenye mchanga. Watu wote waliinamia ule mdomo mweusi wa bomba kama wanaochungulia kaburi.

"Kimefikaje humo?" Mkaguzi aliuliza, ingawa moyo wake ulishajibu.

Basi Mlingoti akasimulia, na mafundi wakatazama viatu vyao, kwa sababu hapakuwa na mmoja ambaye hakuijua hadithi ile.

Bohari ya vifaa ilikuwa mbali na kazi. Jioni, baada ya kuchomelea tangu alfajiri, nani atabeba vyuma hadi huko, apange foleni arudishe, na asubuhi apange foleni avichukue tena? Kwa hiyo vikosi vyote vilijizoeza kuviingiza vifaa ndani ya mdomo wa bomba lililo wazi, kuvifunika ili umande usivile, na kuweka kifuniko. Wenyewe waliita kulaza watoto. Ilikuwa na wimbo wake:

*Laleni, watoto wetu, chuma mwana wa mhunzi,*
*Bohari i mbali kwetu, bomba nyumba ya ulinzi.*

Jioni Nyapara hupiga filimbi na kuuliza, "Watoto wamelala?" Watu wakajibu, "Wamelala!" Asubuhi anauliza, "Wameamka?" Na kazi inaanza.

"Sasa siku ile ya mvua," Mlingoti alisema, "tuliwalaza kwenye kona moja. Asubuhi, hatujafika, tukapakiwa kwenye lori, tukapelekwa mtoni, eti huko kazi imekwama. Kikosi kingine kikaja nyuma yetu. Wakaambiwa wachomelee upesi. Wakatoa kifuniko, wakaunganisha. Hawakuchungulia."

"Na nyinyi hamkusema?"

"Nilisema! Jioni ile ile. Nilimwambia Nyapara."

Mkaguzi akamgeukia Nyapara. "Ni kweli?"

Nyapara aliichezea filimbi yake shingoni. Ni mtu mzima, mwenye mvi za pembeni, na sauti ambayo kazini iliwafanya watu waruke. Safari hii ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

"Ni kweli. Na mimi nikamwambia mkubwa."

Vichwa vyote vikageuka.

Bwana Tayari alikuwa anafuta miwani yake. Alifuta kioo hiki, akafuta kioo kile, akaivaa.

"Mkaguzi," alisema, "tuzungumze ofisini."

*

Ofisi ilikuwa kontena lenye kiyoyozi. Mkaguzi alipoketi kwenye kiti chenye mto, mwili wake ulimsaliti: ulitaka kulala hapo hapo. Meneja alivua kiatu kimoja chini ya meza. Mguu ulikuwa umevimba.

"Unadhani mimi nalala?" alianza. "Tangu mvua zianze sijala na mke wangu meza moja. Simu ikilia nashtuka kama mwizi. Hebu niambie. Panya amepita au hakupita?"

"Amepita kwa kujibana. Ni sponji."

"Basi na mafuta yatapita. Mafuta ni membamba kuliko sponji."

"Mafuta yatapita, mkubwa. Na chuma kitayafuata."

Meneja aliukanda mguu wake.

"Hewa imeshindwa kukiamsha," Mkaguzi aliendelea. "Mafuta ni mazito, na pampu zile hazina huruma. Zitakiburuta hadi hapa. Kitaingia mdomoni mwa vali ya matangi. Vali ikishang'ata chuma haifungi tena. Tangi likijaa, nani atayaambia mafuta yasimame? Nyuma ya ukuta huu kuna watu wanawasha majiko."

"Ikitokea."

"Ikitokea, ndiyo."

"Na isipotokea?" Meneja aliinama mbele. "Tuseme leo nimekata bomba. Kesho wageni wamekaa, kamera zimekaa, mimi nasimama kuwaambia nini? Kwamba tulikuwa na chuma, tukakiimbia wimbo, tukakilaza, tukamsahau mtoto? Watanicheka hadi siku ya maziko yangu."

"Afadhali wakucheke wewe kuliko kulia wao."

"Maneno mazuri hayo. Ukiwa na kazi yangu utayasema taratibu." Akasukuma redio ya upepo mezani, ikasimama mbele ya Mkaguzi. "Neno moja tu. Kituo cha pampu hakiwashi mpaka wasikie kutoka ghalani kwamba bomba ni safi. Sema safi. Wageni wale chakula, wapige picha, waende zao. Wiki ijayo tutakata polepole, tutatoa hicho kidude, tutafukia. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Na mdogo wako atabaki kazini." Alisema kwa upole, kama anayempa mtoto peremende. "Ukikataa, itabidi nieleze. Nami nitaeleza kwamba kuna kijana ameingiza chuma ndani ya bomba la taifa, akakiri mbele za watu. Leo ni mzembe. Kesho ataitwa mhujumu. Mhujumu hahamishwi kikosi, dada. Anafungwa."

Mkaguzi alitazama redio. Kidude kidogo, cheusi, chenye kitufe pembeni. Neno moja. Angelisema, angeenda nyumbani, angevua viatu, angelala mpaka jua la kesho limchome. Mama angempikia kitindamimba wake chakula cha jioni. Na chuma kile nacho, pengine kingelala tu. Pengine.

Alichoka. Alichoka hadi neno *pengine* likaonekana kama kitanda.

"Naomba maji," alisema.

Meneja akatabasamu. Alimwona mtu anayelainisha koo kabla ya kusema. Akamimina bilauri, akampa. Akatoka nje kidogo, akasema na mtu pale mlangoni, akarudi.

Mkaguzi alikunywa yote. Akaweka bilauri chini.

"Sisemi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema sisemi. Bomba ni chafu. Likatwe."

Alitegemea Meneja aruke, apige meza, atukane. Hakufanya hivyo. Alivaa kiatu chake taratibu, akiuma meno kwa maumivu.

"Basi," alisema. "Nilijua."

Hapo nje ukasikika mlango wa gari ukifungwa. Gba!

*

Mkaguzi alitoka mbio. Walinzi wawili walikuwa wamempakia Mlingoti nyuma ya pikapu, mmoja huku, mmoja huku, magoti yake marefu yamefika kidevuni. Injini ilikuwa inaunguruma.

"Mnampeleka wapi?"

"Tumeagizwa, dada," mlinzi alisema bila kumtazama. "Sisi ni watu wa kuagizwa."

"Mdogo wangu!"

"Usiseme safi, dada!" Mlingoti alipaza sauti. "Kona zote zimefukiwa, zinafanana, watakudanganya! Mimi nitapaona! Nipelekeni mimi nita—"

Mlinzi alimziba mdomo. Pikapu likageuza, likapita getini, likaacha vumbi.

Mafundi walisimama kama vigingi. Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja. Watu hawa walilaza watoto pamoja na Mlingoti jioni zote zile. Waliimba pamoja naye. Sasa kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama ardhini.

"Hakuna hata mmoja mwenye mdomo?" aliwauliza. "Mliokuwa mnaitikia wamelala, mko wapi?"

"Tuna watoto, dada," mmoja alisema.

"Na yeye ni mtoto wa nani? Wa kompresa?"

Alimpokonya Nyapara redio kiunoni, akabonyeza kitufe.

"Kituo cha pampu! Kituo cha pampu, hapa ni Mkaguzi, ghalani. Bomba ni chafu. Nasema tena, chafu. Msiwashe!"

Redio ilikoroma. Kisha ikaja sauti ya mtu wa kituoni, mchangamfu, asiyejua lolote.

"Chafu tena? Dada, acha utani. Mbona tumeambiwa safi? Pampu zinazunguka hapa, hata sijisikii mwenyewe. Mafuta yameshaingia!"

Mkaguzi aliibana redio mdomoni.

"Nani kasema safi?"

"Nyapara. Sasa hivi tu. Kasema umekauka koo, umeomba maji, umemtuma yeye."

Naye kweli alikuwa ameomba maji!

"Zimeni," alisema. "Nakuomba. Zimeni sasa hivi."

"Siwezi, dada. Huku tumeonywa. Atakayezima bila sauti ya Meneja mwenyewe, kesho abaki kwao. Mpe Meneja redio."

Mkaguzi aligeuka. Bwana Tayari alikuwa amesimama mlangoni pa kontena, ameegemea ili kupumzisha mguu.

"Tayari," alisema kwa sauti ndogo, na safari hii hakuwa anauliza. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Alibaki Nyapara. Hakukimbia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, filimbi imelala kifuani.

"Mzee," Mkaguzi alimwambia, "nilikuheshimu kama baba mdogo."

"Najua."

"Filimbi hiyo umempulizia kila mtu. Aliyechelewa, aliyesinzia, hata aliyekwenda kujisaidia. Mkubwa tu ndiye hujawahi kumpulizia."

"Nitukane, mwanangu. Una haki." Nyapara alipangusa uso kwa kiganja. "Alikuja hapo mlangoni akaniambia, Mkaguzi amekubali, ila sauti imemkwama, sema wewe. Moyo wangu ukaniambia ni uongo. Lakini nimechoka. Nimechoka hata kubishana na moyo. Nikasema safi. Neno jepesi sana. Halina uzito wowote mdomoni."

"Sasa lina uzito wa kibano."

"Sasa linao," Nyapara alikubali.

Hebu tumwache mzee na ndoo yake, maana mafuta hayamngoji mtu. Kule nyuma ya milima yameshaingia bombani, yanasukuma hewa mbele yao, yanakuja. Hayakimbii. Yanatembea mwendo wa mtu anayewahi kazi, lakini hayapumziki, na kesho kabla wageni hawajakaa yatakuwa hapa. Na mbele yao, kwenye kona fulani chini ya udongo, kuna chuma kinachongoja kuamshwa.

Mlango wa bomba mafundi walikuwa wameshaufunga. Mkaguzi aliitazama vali kuu ya ghala, ile ya matangi.

Ilikuwa imesimama pale lilipoingilia bomba, gurudumu lake limefika kifuani mwake, jekundu, jipya. Ilikuwa wazi. Ilipaswa kuwa wazi, ili mafuta yaingie matangini.

Lakini bado haijang'ata kitu! Chuma kikifika hapo, haitafunga. Sasa hivi, meno yake yote mazima, inafunga.

Akalishika gurudumu.

"Unafanya nini?" Nyapara aliinuka.

"Nafunga."

"Pampu zinasukuma kule! Ukifunga huku, hewa itakwenda wapi?"

"Haitakwenda popote. Itabanana. Kule kituoni mishale itapanda. Wataona, watazima, hata kama hawataki."

"Na wasipozima? Bomba litapasuka palipochomelewa vibaya!"

"Basi omba dua mlichomelea vizuri," Mkaguzi alisema, akavuta.

Gurudumu halikusogea. Akavuta tena, miguu ameikita, shingo imemtoka mishipa. Likalia kidogo. Viganja vikamchubuka. Aliona aibu ya machozi yaliyokuja bila kuitwa, si ya huzuni, ya uchovu tu, kama jasho lililokosea njia.

Ndipo akaona mikono mingine miwili juu ya gurudumu, yenye makovu ya cheche.

"Vuta nikihesabu," Nyapara alisema. "Moja..."

Walivuta. Likazunguka. Likazunguka tena, likawa jepesi, kisha zito, kisha likagota. Vali imefungwa.

Mkaguzi akatoa kufuli kiunoni mwake.

Kila anayefanya kazi kwenye bomba hupewa kufuli yake mwenyewe, yenye picha yake. Ukiwa umeshika hatari, unaitundika hapo, ufunguo unakaa mfukoni mwako. Maana yake ni moja: mtu yuko hapa. Kufuli ya mtu haifunguliwi na mwingine. Si fundi, si meneja, si mgeni wa heshima. Mtu akikata kufuli ya mwenzake amefanya kama anayeondoa ngazi mwenzake akiwa juu ya paa, na kazini hapo hatapewa tena hata ufagio.

Akapitisha mnyororo kwenye gurudumu. Akafunga. Ka!

Nyapara alisita. Kisha naye akatoa yake, ya zamani, picha imefifia hata ndevu hazionekani. Akaitundika kando ya ile.

"Nilisema safi," alisema. "Sasa nimesema lingine."

Mkaguzi alikuwa anatazama geji. Mshale, uliokuwa umelala, ulitikisika. Ukanyanyua kichwa.

Mfukoni simu ikalia. Mama.

"Mwanangu," mama alisema, na nyuma yake ulisikika mtoto wa jirani akilia, "wamekuja watu hapa. Wamepekua chumba cha mdogo wako. Wamepindua godoro, wamechana mto. Nimewauliza mnatafuta nini, hawajui wenyewe. Yuko wapi mwanangu?"

"Wamemchukua, mama."

Mkaguzi alisikia chungu kikiondolewa jikoni, kikiwekwa chini.

"Amefanya nini?"

"Amesema kweli."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama. Sikiliza. Leo usilale hapo. Nenda kwa mama mdogo. Waambie na majirani."

"Siendi," mama alisema bila hasira. "Nimehama mara ngapi katika maisha yangu? Nilihamishwa walipopitisha barabara. Nilihamishwa walipojenga ghala lenu hilo, wakanisogeza nyuma ya ukuta. Miguu imechoka, mwanangu. Nitakaa hapa mlangoni. Mwanangu akirudi, anikute."

Mlango wa kontena ulifunguka kwa kishindo. Bwana Tayari alitoka akichechemea, redio mkononi, uso umembadilika rangi. Redio ilikuwa inapiga kelele: "Meneja! Mishale inapanda huku! Nani kafunga? Meneja!"

Akaona mnyororo. Akaona kufuli mbili.

"Leteni mkasi wa chuma!" alifoka. "Kata hiyo!"

Mafundi walitazamana. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyekataa pia.

"Nimesema kata! Nani anataka kazi hapa?"

Kundi likafunguka katikati, na mtu mmoja akatoka, kichwa ameinamisha, mkasi mrefu wa kukatia minyororo umelala begani. Alikuwa yule yule aliyesema tuna watoto.

Nyapara alisimama mbele ya gurudumu. Mshale ulikuwa umeshapita nusu, na kutoka mbali, huko bomba linakoingia ardhini, ulianza kusikika mlio mwembamba wa chuma cha bomba kinachovutika.

"Mwanangu?" mama aliita simuni. "Upo? Huyo anayepiga kelele ni nani?"

Mkaguzi aliuegemeza mgongo wake kwenye kufuli, akahisi ubaridi wake kupitia shati. Akanyanyua sauti, mama asikie, na mwenye mkasi asikie, na yule aliyechechemea asikie.

"Nipo, mama. Kaa hapo hapo mlangoni, usiogope. Sitoki kwenye vali hii, si leo, si kesho wageni wakija, mpaka mwanao arudishwe kwa miguu yake, na bomba hili likatwe mchana kweupe, kila mtu aone kilichomo na aseme ni nani aliyejua. Nakuahidi, mama. Nakuahidi mbele yao wote."